Mbwa wa Kunusa Shuleni: Anachokijua na Asichokijua

Pendekezo la kupeleka mbwa wa polisi shuleni halikosi kuibuka kila inapotoka habari kwamba wanafunzi wamekutwa na misokoto ya bangi bwenini, na hoja inayolibeba huwa fupi: mbwa hadanganyi, hahongeki, wala hana ndugu wa kumkingia kifua. Yote matatu ni kweli. Tatizo ni kwamba asiyedanganya anaweza kukosea, na hata anapopatia, anachokisema si kile ambacho wengi hudhani amekisema. Makala haya yanaeleza mbwa huyo anafanya nini hasa, kwa nini mahakama za nchi kadhaa zimemwekea mipaka anapokuwa mbele ya wanafunzi, na ni mambo gani ambayo bodi ya shule inapaswa kuyamaliza kabla ya kuandika barua ya kumwomba.

Tuanze na maneno yenyewe. Mbwa wa kunusa si mbwa wa ulinzi. Wa ulinzi hufunzwa kubweka, kukimbiza na kukamata kwa meno, ilhali wa kunusa hufunzwa kazi moja tu, yaani kutafuta harufu chache alizozoeshwa na kumjulisha aliyeshika kamba. Huyo aliyeshika kamba ndiye mwongozaji, askari anayefunzwa pamoja na mbwa wake, na wawili hao hupimwa kama timu moja. Kitendo anachokifanya mbwa akiipata harufu, ambacho kwa kawaida ni kukaa kitako na kutulia, na kwa mbwa wengine ni kuparua au kuuma mzigo, ndicho tutakachokiita ishara. Upekuzi ni jambo jingine: ni mkono wa mtu kuingia ndani ya begi, mfuko wa sare au tranka la mwanafunzi. Baada ya upekuzi ndipo huja hatua, iwe ni onyo, kusimamishwa masomo au kupelekwa kituoni. Katika mazungumzo ya barazani mambo haya manne, kunusa, ishara, upekuzi na hatua, husukumwa pamoja yakawa moja, na mbwa akikaa tu inasemwa kwamba mtoto wa fulani anavuta bangi. Karibu kila mkanganyiko uliopo kuhusu suala hili unaanzia hapo.

Uwezo wa pua yake hauna ubishi. Vipokezi vya harufu katika pua ya binadamu hukadiriwa kuwa milioni 5 au 6. Kwa mbwa makadirio huvuka milioni 100 na kufika milioni 300, kutegemea aina yake. Anaponusa kwa bidii huvuta hewa takriban mara 5 kwa sekunde, na hewa anayoitoa hupitia kwenye mipasuko iliyo pembeni mwa pua, hivyo haiitawanyi harufu iliyo mbele yake. Anachokinusa, hata hivyo, mara nyingi si dawa ya kulevya yenyewe bali mvuke unaotoka humo. Kokeini, kwa mfano, hujitangaza kwa kemikali iitwayo methili benzoeti, ambayo hutokea kokeini inapokutana na unyevu wa hewani.

Wapo wanaoamini kwamba mbwa hawa hulishwa dawa mpaka wakawa mateja, na kwamba wanazitafuta kwa arosto. Hakuna ukweli humo. Mbwa wa namna hiyo angekuwa mgonjwa asiyefaa kwa kazi yoyote. Anachokitafuta ni mchezo. Mwanzoni mpira wa tenisi au taulo lililoviringishwa huwekwa pamoja na harufu ya bangi, kisha mpira huondolewa na harufu hubaki, naye hujifunza kwamba akiipata harufu na kukaa, mpira utatokea mkononi mwa mwongozaji. Hajui kwamba bangi ni haramu. Wala hajui kwamba mwenye begi anafanya mtihani wa taifa mwezi ujao.

Sasa tufike kwenye kiini. Harufu haifungamani na kitu kilichoitoa. Mtu wa Pwani hahitaji maabara kulielewa hilo: kanzu iliyofukizwa udi Ijumaa bado inanukia Jumapili, chetezo kikiwa kimeshapoa na kurudishwa kabatini, na mgeni aliyekaa chumbani wakati wa kufukiza hutoka akinukia ingawa hakugusa hata kijinga. Bangi nayo ni hivyohivyo. Begi lililobeba msokoto wiki iliyopita linaweza kumkalisha mbwa leo. Sweta lililoazimwa kwa mwenzake, godoro lililorithiwa kwa mwanafunzi aliyehitimu, kiti cha daladala au matatu alichokaa mvutaji kabla ya mtoto wako kupanda, vyote vinaweza kubeba harufu ya kweli isiyo na kitu ndani. Hapo mbwa hajakosea kwa kipimo chake, kwani ameulizwa kama kuna harufu naye amejibu kuwa ipo. Waliokosea ni wale waliolisikia jibu hilo kama jina la mhalifu.

Imani nyingine ni kwamba pilipili, kahawa au manukato humpoteza mbwa. Pua yake hutenganisha harufu zilizochanganyika, kwa hiyo manukato hayaifuti harufu nyingine. Vinavyomshinda ni vitu vya kawaida zaidi. Mbwa anayehema ulimi ukiwa nje hawezi kunusa sawasawa kwa wakati huohuo, na bweni la mabati saa saba mchana huko Tanga au Kilifi si mahali pa kumtegemea. Huchoka upesi, akahitaji kivuli na maji kila baada ya kipindi kifupi cha kazi. Na zaidi ya yote, ana orodha. Mbwa aliyefunzwa bangi, heroini na kokeini atapita bila kusita mbele ya chupa ya maji iliyotiwa pombe ya kienyeji, pakiti ya kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, kopo la gundi na vidonge vilivyotolewa kwenye kabati la bibi, na vitu hivi ndivyo vilivyo rahisi kupatikana kwa mtoto kuliko heroini. Shule inayopitiwa na mbwa ikaambiwa ni safi imeambiwa tu kwamba siku ile, saa ile, harufu zilizomo kwenye orodha hazikunuswa.

Orodha hiyo pia haibadiliki kwa sababu sheria imebadilika. Mirungi ni dawa iliyopigwa marufuku Tanzania, ilhali Kenya miraa ni zao linalotambuliwa na sheria. Mbwa aliyefunzwa kuitafuta akivushwa mpaka wa Namanga angeendelea kukaa kitako mbele ya kitu halali. Jimbo la Colorado nchini Marekani lilikutana na tatizo la namna hiyo baada ya kuhalalisha bangi kwa watu wazima: mwaka 2019 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kesi iliyohusu mbwa aitwaye Kilo, aliyefunzwa bangi pamoja na dawa nyingine na asiyeweza kueleza ameinusa ipi, na ikasema kumtumia mbwa wa aina hiyo kisheria ni upekuzi unaohitaji sababu za kutosha kabla.

Je, hukosea mara ngapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na wanasayansi wa Poland uliwapima mbwa wa polisi 164 katika mazingira ya mafunzo, nao walizipata sampuli zilizofichwa kwa asilimia karibu 88, bangi ikiwa rahisi kuliko zote na heroini ikiwa ngumu kuliko zote. Ndani na nje ya magari kiwango kilishuka hadi takriban asilimia 60. Msomaji huona asilimia 88 akatosheka. Hebu tupige hesabu ya shule, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme ina mabegi 1,000, na kati ya hayo 20 yana bangi. Tumpe mbwa wetu alama nzuri: anayapata asilimia 90 ya mabegi yenye bangi, na katika mabegi safi anakosea kwa asilimia 5 pekee. Atakaa mbele ya mabegi 18 yenye bangi. Lakini mabegi safi ni 980, na asilimia 5 yake ni 49. Jumla amekaa mara 67, na katika hizo 49 ni za watoto wasio na kitu. Mbwa hodari, na bado watoto saba katika kila kumi watakaosimamishwa mbele ya wenzao hawana hatia. Sababu haiko puani mwake; iko katika ukweli kwamba wanafunzi wengi hawana dawa, na kosa dogo likizidishwa kwa watu wengi huzaa idadi kubwa.

Hali halisi haiko mbali na hesabu hiyo. Jimbo la New South Wales, Australia, lilitunga sheria ya mbwa hawa mwaka 2001, nao wakatumika katika stesheni za treni, baa na matamasha. Ofisi ya Ombudsman wa jimbo, yaani mchunguzi wa malalamiko ya wananchi, ilipochapisha tathmini yake mwaka 2006, ilionyesha kwamba katika upekuzi uliofuata ishara ya mbwa, dawa zilipatikana kwa asilimia 26 tu. Baadhi ya waliopekuliwa bure walieleza kuwa waliwahi kutumia au kuwa karibu na watumiaji, jambo linaloturudisha kwenye harufu iliyobaki nguoni, lakini kwa mtu aliyegeuzwa mifuko hadharani maelezo hayo hayapunguzi kitu.

Kuna chanzo cha makosa ambacho huzungumzwa kwa nadra, nacho ni mwongozaji mwenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliziita timu 18 za mbwa na waongozaji wao ndani ya jengo la kanisa na kuwaambia waongozaji kwamba karatasi nyekundu zingeonyesha mahali palipofichwa harufu. Hapakuwa na dawa wala baruti popote. Hata hivyo, kati ya mizunguko 144 ni 21 pekee iliyomalizika bila ishara yoyote, na ishara zilikuwa nyingi zaidi penye karatasi nyekundu. Mbwa humsoma binadamu wake: hatua inayopungua, kamba inayokazwa, pumzi inayozuiwa. Ukiipeleka picha hii shuleni utaona hatari yake. Mwalimu wa nidhamu akimnong'oneza askari mlangoni kwamba kitanda cha tatu ni cha yule mtoro, amekwisha kuitundika karatasi nyekundu.

Mahakama ziliyakuta mambo haya mapema, na kesi mbili tatu zinatosha kuonyesha mipaka ilikotoka. Tarehe 23 Machi 1979, katika mji wa Highland, jimbo la Indiana nchini Marekani, wanafunzi 2,780 walikalishwa madarasani mikono ikiwa juu ya madawati huku mbwa wakipitishwa kati yao. Mbwa mmoja alitoa ishara mbele ya msichana wa miaka 13. Alitoa vitu vyote mfukoni, hapakuwa na kitu; mbwa akarudia ishara; msichana akapelekwa chumbani, akavuliwa nguo na wanawake wawili. Hakukutwa na chochote. Baadaye ilijulikana kwamba asubuhi ile alicheza na mbwa wake wa nyumbani, jike aliyekuwa katika siku za kutaka dume. Mahakama ilikubali kunusa kwenyewe, lakini ikasema kumvua mtoto nguo kwa ishara ya mbwa ni uvunjaji wa haki ambao hauhitaji mtaalamu wa katiba kuuona.

Miaka mitatu baadaye kesi ya wilaya moja ya shule huko Texas ilikwenda mbali zaidi. Huko shule zilikodi kampuni binafsi, mbwa wake wakiwa wamefunzwa harufu za vitu takriban 60 pamoja na pombe, nao waliwagusa wanafunzi kwa pua mwilini. Mwanafunzi mmoja aliyepekuliwa mkoba baada ya ishara alikutwa na kichupa cha manukato. Mahakama ya rufaa ilitofautisha vitu viwili: mbwa kunusa makabati na magari yasiyo na mtu si upekuzi, bali kumnusa mwanafunzi mwilini kisheria ni upekuzi, na hauruhusiwi bila kumshuku mwanafunzi huyo mwenyewe. Mwaka 1999 mahakama nyingine ya rufaa, katika kesi kutoka California, iliungana na mtazamo huo kuhusu mwili.

Kesi inayofikirisha kuliko zote ni ya Kanada, kwa sababu humo mbwa alipatia. Tarehe 7 Novemba 2002 polisi walifika katika shule ya St. Patrick's mjini Sarnia, Ontario, kwa mwaliko wa jumla ambao mkuu wa shule alikuwa ameutoa muda mrefu kabla: njooni wakati wowote. Wanafunzi walizuiwa madarasani. Kwenye ukumbi wa michezo mabegi yalikuwa yamepangwa ukutani bila wenyewe, na mbwa aitwaye Chief akaling'ata moja. Ndani zilikuwamo pakiti kumi za bangi na uyoga wa kulevya. Hata hivyo mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Kanada ilisema ushahidi huo hautumiki na mshtakiwa akabaki huru. Wengi waliosikia walishangaa, lakini hoja yake ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Siku ile polisi hawakuwa na taarifa wala shaka juu ya mwanafunzi yeyote, na begi la mwanafunzi ni mahali pake pa faragha hata akiwa shuleni. Kukipata kitu mwishoni hakugeuki kuwa sababu ya kukitafuta mwanzoni, la sivyo kila nyumba ya mtaa ingeweza kuvunjwa kwa matumaini kwamba mojawapo ina kitu.

Afrika Kusini ilichagua kuandika utaratibu wenyewe ndani ya sheria ya shule. Marekebisho ya mwaka 2007 yaliingiza kifungu cha 8A, kinachomruhusu mkuu wa shule kupekua kundi la wanafunzi au mali zao pale penye shaka ya msingi, lakini anayempekua mwanafunzi mwilini lazima awe wa jinsia yake, mahali pa faragha, pasipo macho ya wanafunzi wengine, mbele ya shahidi mmoja mtu mzima wa jinsia hiyohiyo, na viungo vya siri vya ndani haviguswi. Kisha kifungu kinaongeza jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo bora kuliko yote: shule haiwezi kumfungulia mashtaka ya jinai mwanafunzi aliyekutwa na dawa katika upekuzi huo. Lengo lililokusudiwa ni dawa kutoka shuleni, si mtoto kuingia jela.

Kwetu misingi ipo ingawa mbwa wa shule hawajatungiwa kifungu chao. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda mwili, makazi na mali ya mtu dhidi ya upekuzi, na ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na nafsi yake. Sheria za mwenendo wa jinai za nchi zote mbili zinataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Shule za bweni huleta ugumu wa ziada, kwani begi la mwanafunzi wa kutwa ni la masaa machache, ila tranka lililo chini ya dabodeka ndiyo nyumba nzima ya mtoto kwa miezi mitatu: humo mna nguo za ndani, taulo za kike, barua, na pengine vidonge vya ugonjwa ambao hajamwambia mtu. Kulimwaga tranka hilo sakafuni mbele ya bweni zima ni adhabu tosha, na hutolewa kabla kosa halijathibitishwa.

Lipo pia jambo ambalo miongozo ya ng'ambo haitalitaja kwa niaba yetu. Waislamu wengi wa Pwani na Visiwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa najisi nzito isiyotoka ila kwa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Pua ya mbwa huwa na unyevu. Mwanafunzi aliyeguswa sketi, au mwenye msahafu ndani ya begi lililonuswa, amepewa shida ya ibada asiyoistahili, na atakayeipuuza kama ushirikina ataupoteza msaada wa wazazi kabla mbwa hajashuka garini. Suluhisho si gumu: mabegi hupangwa nje kwenye mstari, vitabu vitukufu hutolewa kwanza, wanafunzi huwa mahali pengine, na mbwa hasogezwi kwenye mwili wa mtu. Ni utaratibu uleule ambao mahakama za Marekani ziliukaribia kwa njia nyingine.

Linabaki swali la hofu, maana wapo watakaosema mbwa hahitaji kukamata, inatosha aonekane. Hofu hiyo ipo, ila haidumu. Ziara moja kwa muhula hufahamika mapema, na bangi huhamia nyuma ya uzio au kwa muuzaji wa kibanda cha jirani hadi gari la polisi liondoke. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa, vilivyotolewa na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, pamoja na WHO, Shirika la Afya Duniani, toleo la pili likiwa la mwaka 2018, vinaweka mafunzo yanayotegemea kutisha miongoni mwa yale yasiyozaa matunda, na vinasisitiza stadi za maisha, uhusiano wa mwanafunzi na shule yake, na msaada wa mapema kwa anayeanza kutumia. Mbwa hafanyi hata moja kati ya hayo. Anaweza kusaidia pale ambapo taarifa tayari ipo, kwa mfano mpishi amesema mzigo umefichwa kwenye stoo na haijulikani ni kona ipi. Humo pua yake huokoa saa nyingi na haimgusi mtoto.

Kwa hiyo bodi inayotaka kumwita iandike majibu kabla ya tarehe, si baada yake. Ni taarifa gani iliyoleta wazo hili, na inahusu jengo lipi? Nani atapekua mbwa akikaa, wapi, na mbele ya nani? Mwanafunzi asiyekutwa na kitu atarudishwaje darasani bila jina lake kuchafuka, na mzazi wake ataambiwa nini jioni hiyohiyo? Anayekutwa na msokoto mmoja ataonana kwanza na mwalimu wa malezi au na askari? Mwongozaji aelezwe eneo tu, asitajiwe jina la mwanafunzi. Na kama polisi watasema siku hiyo hawana askari wa kike, ziara iahirishwe.